Kilomita 10 za Kwanza Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili wa Kukimbia Kwenye Joto la Pwani

Mtu anayejiandikisha mbio zake za kwanza huku kusini huogopa umbali. Anaziona kilomita 10 nyingi, anauliza kama pumzi itafika. Umbali utauzoea ndani ya wiki chache, hata kama leo ukikimbia mpaka kwa muuza chapati wa jirani unafika unahema. Kinachowakalisha watu kando ya barabara Mtwara na Lindi ni joto likichanganyika na unyevu wa hewa. Karibu kila ushauri uliomo humu, kuanzia saa ya kuamka hadi kasi ya kilomita ya kwanza, umepangwa kwa kulitazama joto hilo.

Mwili unaokimbia huzalisha joto jingi, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Jasho hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani imeshashiba maji, kwa hiyo jasho halikauki upesi, linachuruzika tu mpaka kwenye soksi. Wakati huohuo moyo unatakiwa kupeleka damu pande mbili: kwenye misuli ya miguu na kwenye ngozi ili joto litoke. Ndiyo maana mtu wa Newala, aliyezoea ubaridi wa juu kwenye uwanda wa Makonde, akiteremka Mtwara mjini hushangaa kuona kasi yake ya kila siku imegeuka mateso. Hajadhoofika. Mwili wake haujalizoea joto, na kulizoea huchukua kama siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kila mara. Katika siku hizo mwili hujifunza kutoa jasho mapema zaidi na kuongeza maji ya damu.

Mabingwa nao wanalipa kodi hiyohiyo. Aprili 2025 Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alikuwa wa pili kwenye marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huohuo, kwenye joto la Tokyo, alishinda ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48. Mbio za ubingwa zina hesabu zake na njia ya Boston ina miteremko mingi, nakubali, lakini joto nalo lilikuwamo kwenye hizo dakika karibu tano za tofauti. Kama Simbu anapunguza mwendo kukiwa na joto, mimi na wewe ni nani?

Kwanza afya, na si kwa maneno tu

Pita zahanati kabla ya wiki ya kwanza kama umevuka miaka 40, una presha, sukari, pumu, uliwahi kuzimia ukifanya kazi ngumu, au kifua hukubana ukipanda mlima. Pima presha hata kama hujisikii vibaya. Presha haipigi hodi. Mwenye selimundu azungumze na daktari kwanza. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote ni mzima wa afya, inafaa ajue hali yake, kwa sababu kujikamua kupita kiasi kwenye joto kali huku maji yamepungua mwilini kunaweza kumletea matatizo makubwa.

Jambo la pili ni malaria, ambayo mikoa yetu inaijua vizuri mno. Mwili ukiuma na kichwa kikigonga, usijiambie ni uchovu wa mazoezi. Maumivu ya mazoezi hukaa kwenye misuli uliyoitumia. Homa haiji nayo. Ukiwa na homa usikimbie hata mita 100, nenda kapime. Ukikutwa nayo, maliza dozi, kaa siku kadhaa bila homa, kisha anza kwa kutembea. Wiki moja iliyopotea hairudishi mazoezi nyuma kama watu wanavyodhani.

Kuchagua mbio na kuhesabu wiki

Huku kwetu karibu kila tamasha la kukimbia huitwa marathoni, kwa hiyo usisome jina, soma kilomita. Marathoni kamili ni kilomita 42.195 na nusu yake ni 21.1, tangazo hilohilo mara nyingi lina kilomita 10 na 5 pia. Kwa anayeanza, 10 inatosha kabisa, na 5 haina aibu yoyote. Anayekwambia uanze na 21 kwa sababu wewe ni kijana, mshukuru uende zako.

Hesabu wiki 10 kurudi nyuma kutoka siku ya mbio. Kisha tazama kalenda ya hali ya hewa. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma, hewa ni kavu kidogo na usiku una ubaridi. Oktoba joto linapanda, na Novemba na Desemba, kabla mvua hazijakolea, ndiyo miezi ya kuheshimu. Mbio zikiwa Novemba utafanya mazoezi ya mwanzo kwenye ubaridi na mtihani kwenye joto. Kwa hiyo wiki tatu za mwisho zisiwe za kukwepa joto kabisa: siku moja kati ya tatu kimbia jua likiwa limeshatoka, taratibu, ili mwili uzoee.

Ukilipia kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo mpaka umekabidhiwa namba ya ushiriki mkononi. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukubwa wa fulana taja wa kweli, maana siku ya kugawa hakuna wa kukubadilishia.

Raba

Hapa ndipo pesa yako iende kama unayo kidogo. Raba za mitumba ni sawa, na nyingi ni nzuri kuliko mpya za bei ileile, lakini zichague kwa mikono miwili. Ikunje: inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati kabisa ya unyayo. Ukiikunja ukasikia mlio wa gundi inayokatika, irudishe, imekaa miaka mingi kwenye marobota. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja, miguu ya mwenye nayo wa kwanza imeshaipinda na itapinda yako. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, hainyonyi tena mshindo.

Kajaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na vaa soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Wengi hununua inayobana wakiamini italegea, kisha wanapoteza kucha. Njumu za mpira ziache uwanjani, ndala na yeboyebo ziache nyumbani.

Mavazi ni rahisi zaidi. Fulana nyepesi ya rangi ya mwanga ambayo si pamba nzito, bukta au suruali nyepesi isiyosugua mapaja, soksi zisizo na mshono mkubwa. Kwa wanawake, sidiria ya michezo inayoshika vizuri ina thamani kuliko saa ya gharama. Wanaovaa hijabu wachague kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kisichofungwa na pini shingoni. Paka mafuta ya mgando kwapani, kati ya mapaja, kwenye chuchu na katikati ya vidole vya miguu. Chumvi ya jasho la pwani kwenye mchubuko utaikumbuka ukiingia bafuni.

Wapi pa kukimbilia

Mtwara mjini imebahatika: barabara pana, zilizonyooka, na mitaa ya Shangani ambayo alfajiri ina utulivu. Hapo ndipo pa wiki za mwanzo, kwa sababu ukichoka nyumbani si mbali. Kuzunguka uwanja wa Nangwanda Sijaona, au Ilulu kwa watu wa Lindi, kunafaa kwa siku za kupima kasi.

Barabara ya kwenda Mikindani ndiyo tamu kuliko zote. Kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani ni kama kilomita 10, kwa hiyo usiende mpaka mwisho kisha ukakumbuka kwamba kuna kurudi. Miezi ya kusi, upepo utakusukuma mgongoni ukienda na utakusubiri usoni ukirudi; geuka mapema kuliko miguu inavyokushauri. Ukitaka kujifunza vilima, kuna miinuko ya Mikindani penyewe, karibu na ile boma ya Wajerumani. Kwa Lindi huna haja ya kutafuta: mji umekaa kati ya ghuba na vilima, ukitoka barabara ya pwani ukakata kuelekea vilimani unaanza kupanda.

Ufukweni ni pazuri kwa siku ya mwendo mwepesi, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza. Muulize mvuvi yeyote saa za kupwa, na kumbuka kila siku zinasogea mbele kwa kama dakika 50, hivyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Ijumaa. Ufukwe umeinama upande mmoja. Ukienda kilomita 1, rudi kilomita 1 ili mguu uleule usibebe mzigo wote. Usikimbie peku siku ya kwanza. Maganda ya chaza na vipande vya chupa havichagui.

Barabarani, kimbia upande wa kulia, ukitazamana na magari yanayokuja. Dereva wa malori ya makaa ya mawe yanayoelekea bandarini, au ya korosho msimu ukifika, anaweza asikuone gizani. Wewe ndiye unatakiwa umwone. Sikio moja libaki wazi. Bodaboda wa alfajiri wengine hawawashi taa. Vaa kitu cheupe au chenye kuakisi mwanga.

Na jambo la kwetu hasa: kuanzia karibu Juni mpaka Septemba wakulima wanapulizia mikorosho salfa, na wanafanya hivyo asubuhi mapema wakati upepo umetulia na majani yana umande. Ndiyo saa yako ya kukimbia. Ukipita njia ya mashambani, upande wa Naliendele kwa mfano, ukasikia mashine au ukaona vumbi la njano limetanda, geuza. Ile salfa inachoma macho na kifua, na anayehema kwa kasi anaivuta mara nyingi zaidi ya anayetembea.

Saa ya kuamka

Julai jua huchomoza Mtwara baada ya saa 12 na nusu asubuhi. Novemba linakuwa limeshatoka kabla ya saa 12 kamili. Mpango wa Julai ukiuhamishia Novemba bila kubadili saa, utajikuta unamalizia kwenye jua kali. Mimi napendekeza uanze dakika 20 kabla ya mapambazuko kamili, ukiwa na mwenzako, na umalize kabla ya saa 1 na nusu. Alfajiri unyevu uko juu kweli, na utatokwa jasho sana, lakini jua halipo na lami haijashika moto. Jioni ni chaguo la pili: hewa ina upepo, ila ardhi bado inapumua joto la mchana.

Wanaoswali wana faida hapa. Ukishatoka msikitini alfajiri, umeshaamka, umeshatembea, unabadilisha viatu tu.

Ramadhani isikuvunje moyo. Punguza mazoezi yawe mawili kwa wiki, mepesi, ya dakika 20 hadi 30. Muda mzuri ni ule wa mwisho kabla ya magharibi, ili ukimaliza ufuturu na maji yako karibu, au baada ya tarawehe ukiwa umetulia tumbo. Mbio ndefu ziweke kando mpaka baada ya Idi. Mwezi huo unashikilia ulichonacho, huongezi.

Wiki 10

Siku tatu kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumapili, ya Jumapili ikiwa ndefu. Kila siku anza kwa dakika 5 za kutembea haraka, malizia kwa 5 nyingine. Kipimo cha kasi ni mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, unakimbia haraka mno, hata kama jirani anakupita huku anaimba.

Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8 hadi 10. Itaonekana rahisi. Iache ionekane hivyo. Mapafu hujengeka haraka, lakini kano na mifupa ya miguu huchelewa, na haraka ya mwanzo ndiyo inayozalisha maumivu ya ugoko.

Wiki ya 3 na ya 4: kimbia dakika 3, tembea 2, mara 6.

Wiki ya 5: kimbia 5, tembea 1, mara 5. Jumapili fika kilomita 5, ukichanganya kukimbia na kutembea utakavyo.

Wiki ya 6: kimbia 8, tembea 1, mara 4. Jumapili kilomita 6.

Wiki ya 7 ni ya kupunguza. Mbio mbili za dakika 20 bila kusimama na Jumapili kilomita 5 tu. Watu wengi huiruka wiki hii kwa sababu wanajisikia vizuri. Wanajisikia vizuri ndiyo, na wiki ya 8 ndiyo inayowatoa.

Wiki ya 8: dakika 30 mfululizo mara mbili, Jumapili kilomita 7 au 8.

Wiki ya 9: dakika 35 Jumanne. Alhamisi weka vipande vitano vya dakika 2 za haraka kidogo, na dakika 2 za kutembea katikati yake. Jumapili kilomita 8 au 9, ukiwa umevaa kila kitu utakachovaa siku ya mbio na umekula utakachokula. Huna haja ya kufika 10 mazoezini. Ile ya mwisho utabebwa na watu.

Wiki ya 10: dakika 20 Jumanne, 15 Alhamisi, kisha pumzika.

Siku mbili kwa wiki ongeza dakika 10 za nguvu nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, kuinuka kwa vidole ukiwa umesimama kwenye ngazi, kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka. Anayelima au kubeba zege hana haja ya hizi, ana haja ya kulala.

Umbali upime kwa programu ya simu, kwa odomita ya pikipiki ya rafiki, au kwa vibao vya kilomita kwenye barabara kuu. Kwa kasi, hesabu ni nyepesi: ukienda kilomita moja kwa dakika 7, kilomita 10 ni saa 1 na dakika 10, kwa dakika 8 ni saa 1 na dakika 20, kwa dakika 9 ni saa 1 na nusu. Wanaokimbia mara ya kwanza wengi huangukia kati ya hizo mbili za mwisho, na hapo ni pazuri.

Kuhusu klabu za jogging: jiunge. Wale wanaopita mtaani Jumamosi na bendera, wakiimba na kupiga makofi, wanakimbia kwa mwendo uleule ninaokuhimiza, kwa sababu mtu hawezi kuimba akiwa amekata pumzi. Wimbo ndio saa yao. Kwa mwanamke anayekimbia alfajiri, kundi ni usalama pia. Tahadhari yangu ni moja tu: klabu ikiamua leo kwenda kilomita 15 na wewe uko wiki ya 4, aga katikati ya safari bila haya.

Kula na kunywa

Huhitaji vyakula vya kopo. Uji, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, ndizi, wali, ugali, samaki, na ming'oko (ile mizizi ya porini) msimu wake vinakimbiza mtu kilomita 10 bila shida. Korosho ni nzuri kwa siku za kawaida; kabla ya kukimbia zina mafuta mengi, zitakulalia tumboni. Usiku wa kuamkia mbio kula wali au ndizi na samaki kidogo, mapema. Mbaazi, maharage na pilipili viahirishe. Uraka, ile pombe ya mabibo, uahirishe pia, mpaka jioni ya siku ya pili kama ni lazima.

Asubuhi, mbio zikianza saa 12, hakuna anayeamka saa 9 usiku kula. Ndizi mbivu mbili, au mkate na chai yenye sukari, saa moja na nusu kabla, inatosha.

Maji: kunywa ukisikia kiu, na anza siku mkojo ukiwa na rangi ya manjano hafifu. Kuna watu wanajaza tumbo lita kadhaa kwa hofu. Maji mengi mno bila chumvi hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari. Kwa mbio ndefu za Jumapili, ukirudi umelowa chapachapa, tumia maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Dafu na kipande cha muhogo wenye chumvi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, na ni utamu zaidi.

Maumivu: yapi ya kuvumilia, yapi ya kukufanya usimame

Misuli iliyokaza pande zote mbili, siku moja au mbili baada ya mazoezi, ni kawaida. Kichomi cha ubavuni kinapita: punguza mwendo, vuta pumzi ndefu, bonyeza pale panapouma. Maumivu ya sehemu moja, yanayozidi kadiri unavyokimbia, yanayokufanya uchechemee, ni ya kusimama. Ukibonyeza ugoko ukapata nukta moja inayouma sana, acha kukimbia na ukaonwe. Inaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa.

Usimeze diclofenac au ibuprofen kabla ya mbio ili "kuzuia maumivu". Kwenye joto, na maji yamepungua mwilini, dawa hizo zinaweza kuumiza figo.

Siku yenyewe

Namba chukua siku moja kabla. Ibandike mbele ya fulana kwa pini nne usiku, nyumbani, kukiwa na taa. Fulana ya waandaaji inavutia, lakini kama hujawahi kukimbia nayo ivae baada ya mbio, itakukwangua. Kata kucha siku mbili kabla, si asubuhi hiyo. Beba karatasi ya chooni. Foleni za vyoo ni ndefu na karatasi huisha mapema, na kwenye tumbo lenye hofu hili ni jambo zito kuliko kasi.

Fika dakika 45 kabla, kisha jiandae kungoja. Tangazo litasema saa 12, mgeni rasmi atafika saa 12 na nusu, na risala itasomwa yote. Kosa la wengi ni kutumia muda huo kurukaruka na mshereheshaji mbele ya spika kwa dakika 40 wakati jua linapanda. Kaa kivulini. Kunywa maji funda moja moja, weka ndizi ya akiba mfukoni. Ukisikia wa kilomita 21 wanaitwa kwenye mstari, ndipo uanze kupasha mwili: tembea haraka dakika 5, kimbia taratibu 3, zungusha viungo, basi. Kwenye joto, mwili unapashwa na hewa yenyewe.

Simama nyuma. Mbele ni pa wenye mbio na watoto wa shule watakaotimua mita 300 kisha wasimame ghafla mbele yako.

Filimbi ikilia, kilomita mbili za kwanza zikimbie polepole kuliko mazoezini. Narudia kwa sababu hakuna anayesikia: polepole kuliko mazoezini. Damu inachemka, muziki uko juu, watu wanapiga vigelegele, na kasi inayohisi nyepesi ni kasi ya kukuua kwenye kilomita ya 6. Joto linalokusanyika mwilini mwanzoni halitoki kirahisi mpaka upunguze mwendo au usimame. Kilomita ya 3 hadi ya 7 shika mdundo mmoja. Usipitane na mtu kwa hasira. Ukiwa na upepo wa usoni, jifiche nyuma ya kundi. Hakuna sheria inayokataza.

Kwenye kila meza ya maji, tembea. Kunywa mafunda matatu, mengine mwagia kichwani na shingoni, ukwepe kulowesha miguu maana soksi zenye maji zinaleta malengelenge. Chupa itupe kwenye pipa au pembeni kabisa, isibaki njiani. Aliye nyuma yako akiikanyaga anateguka kifundo. Kutembea sekunde 30 kila meza hakukuchelewesha kama unavyofikiri, na wengi walioapa kutotembea watatembea kilomita mbili za mwisho.

Kilomita ya 8, jiulize: naweza kusema sentensi? Kama ndiyo, ongeza kidogo. Kama hapana, baki hapo.

Dalili za kusimama bila kujadiliana na mtu: kizunguzungu, kichefuchefu, kuhisi baridi au vipele vya baridi kwenye jua, kushindwa kukimbia kwa kunyooka, kifua kubana. Nenda kivulini, mwite mhudumu wa afya. Ukimwona mwenzako anayumba na anajibu maneno yasiyoeleweka, usimwambie "kaza". Mlaze kivulini, mvue kinachovulika, mwagieni maji mwili mzima na mpepeeni wakati gari la wagonjwa linaitwa. Kumpoza haraka hapohapo ndiko kunakookoa. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu.

Ukishavuka mstari

Usiketi. Tembea dakika 10, ndipo utafute kivuli. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni na watu huanguka wakiwa tayari wana medali shingoni. Badilisha fulana iliyolowa. Kula ndani ya saa moja: uji, supu, chapati, chochote chenye wanga na protini kidogo.

Siku ya pili baada ya mbio ndiyo miguu huuma zaidi, hasa kwenye kushuka ngazi. Tembea, usilale kutwa. Kucha ikiwa nyeusi iache ilivyo, isipokuwa ikitoa usaha. Lengelenge likipasuka lisafishe kwa maji na sabuni na ulifunike; lisilopasuka usilitoboe kwa mwiba.

Pumzika wiki nzima bila kukimbia, kisha rudi kwa dakika 20. Wiki ya tatu unaweza kurudia wiki ya 8 ya mpango huu na kuendelea kutoka hapo. Kwa mbio nyingine za kilomita 10, jipe wiki 6 katikati. Kwa nusu marathoni, jipe miezi mitatu mpaka minne, na kama tarehe yake iko Desemba, tafuta ya Julai.